Kichwa kinauma na malaria hakuna: jinsi ya kulichunguza taya

Mwanza ukisema kichwa kinauma, jibu la kwanza ni malaria, la pili taifodi, la tatu presha. Yote matatu yanapimika, na yapimwe kwanza. Kazi inaanza pale majibu yanaporudi safi na kichwa kinaendelea. Hapo ndipo watu wanapomeza mseto bila kipimo kuonyesha vimelea, wananunua miwani, wanakunywa dawa ya minyoo kwa kuwa "anasaga meno usiku", na mwishowe wanang'olewa gego ambalo halikuwa na kosa lolote. Gego limeondoka, kichwa kimebaki.

Sehemu ambayo mara nyingi haiguswi na mtu ni taya. Kuna kichwa kinachozaliwa na taya lenyewe, na kuna kipandauso kinachochochewa na taya. Ni vitu viwili, tiba zake hazifanani, na mtu mmoja anaweza kuwa navyo vyote. Hapa tunavitenganisha kwa kioo, rula na mizani, kisha tunapanga kipi kirekebishwe na kwa utaratibu gani.

Usianze na taya ukiwa na haya

Kichwa kilicholipuka ghafla na kufika kileleni ndani ya dakika moja. Homa pamoja na shingo kukakamaa. Udhaifu wa upande mmoja wa mwili, ulimi mzito, kuona viwili viwili, degedege, kuchanganyikiwa. Kichwa kilichoanza baada ya ajali ya bodaboda, hata kama uliinuka ukajikung'uta vumbi na kuondoka. Mjamzito aliyepita wiki 20 mwenye kichwa kikali: apimwe presha na mkojo. Anayeishi na VVU mwenye kichwa kipya kinachozidi siku hadi siku: achunguzwe homa ya uti wa mgongo, ikiwemo ile ya fangasi. Hawa wote waende hospitali leo.

Kuna mengine yanajifanya taya kabisa. Mtu wa zaidi ya miaka 50 ambaye taya linachoka na kuuma akitafuna, likipumzika linapoa, panja linauma likiguswa na macho yanafifia, huenda ana uvimbe wa mishipa ya damu ya panjani; asipowahiwa anaweza kupoteza macho ndani ya siku chache. Maumivu ya taya yanayokuja ukipanda mlima wa Bugando au Isamilo na kuondoka ukisimama, yahesabu kuwa ya moyo, na moyo upimwe kwanza. Taya linalokaza siku kadhaa baada ya kuchomwa na ndoano, msumari au mwiba wa samaki laweza kuwa pepopunda. Taya linalopinda au kujikaza lenyewe saa chache baada ya dawa ya kuzuia kutapika kama metoklopramidi, au dawa ya akili kama haloperidoli, ni athari ya dawa; rudi ulikopewa, inatibika kwa sindano.

Na mtoto anayevimba taya haraka huku meno yakilegea asipelekwe kung'oa jino. Kanda hii ya Ziwa ina saratani ya Burkitt, ambayo hukua kwa siku na wiki, na inatibika vizuri ikiwahiwa. Huyo ni wa hospitali ya Bugando, si wa kusubiri.

Taya na kichwa vinakutana wapi

Weka ncha za vidole mbele kidogo ya matundu ya masikio, fungua mdomo taratibu. Kinachosogea chini ya kidole ni kichwa cha mfupa wa taya la chini. Mwanzoni kinazunguka palepale. Mdomo ukiendelea kufunguka kinateleza kwenda mbele. Kati yake na fuvu pana kisahani cha gegedu (mfupa laini kama wa sikio) kinachosafiri nacho. Kisahani hicho kikitoka njiani, taya linalia "ta!" au linagoma.

Sasa uma meno kwa nguvu huku viganja viko shavuni, kisha panjani. Misuli miwili inatuna kila upande. Ule wa panja umetandazwa ubavuni mwa kichwa kama pepeo la mkaa, kutoka karibu na jicho hadi juu ya sikio. Ndio ambao wengi wanauita "kichwa". Msuli huo ukifanya kazi usiku kucha bila kupumzika, asubuhi utasema kichwa kinauma, na hutakuwa umekosea: msuli uko kichwani.

Hiyo ndiyo njia rahisi kuielewa. Ya pili imejificha zaidi. Neva ya tano ya kichwa ndiyo inayohudumia meno, misuli ya kutafuna, kiungo cha taya, jicho, na utando unaofunika ubongo, ambao unahusika na maumivu ya kipandauso. Habari zote za maumivu zinaingia kwenye kituo kimoja ndani ya shina la ubongo, na neva za shingo ya juu zinamwagia hapohapo. Ni sawa na mwalo mmoja unaopokea mitumbwi ya visiwa vyote: dagaa wakishamwagwa chini, nani ataapa kwamba hawa ni wa Ukerewe na wale ni wa Kome? Ubongo unakisia, na mara nyingi unakosea. Msuli wa shavu unaumiza gego la chini au sikio. Msuli wa panja unaumiza meno ya juu. Msuli wa ubavuni mwa shingo unaumiza nyuma ya jicho.

Kituo kile kikipokea maumivu ya taya kila siku kinakuwa chepesi kuwaka. Mwenye asili ya kipandauso anaanza kushambuliwa kwa sababu ndogo ambazo zamani alizivumilia: mng'ao wa jua ziwani, usiku mmoja bila usingizi, hedhi, kuchelewa kula. Lakini taya halimpi kipandauso mtu asiye na asili yake. Linaongeza kuni tu. Kwa hiyo anayekuahidi kwamba ukipangwa meno kipandauso kitakwisha moja kwa moja, muulize bei kisha uondoke.

Kujipima: dakika kumi

Chagua siku ambayo kichwa hakijapanda. Wakati wa shambulio la kipandauso ngozi ya panja na shavu inakuwa nyepesi kuuma, hata kuchana nywele ni shida. Ukibonyeza taya siku hiyo lazima liume, na hutakuwa umejifunza kitu.

Anza na rula. Fungua mdomo mpaka mwisho bila kulazimisha, pima kutoka makali ya meno ya mbele ya juu hadi ya chini. Mtu mzima hufika milimita 40 au zaidi. Kama huna rula, simamisha vidole vitatu vyako mwenyewe katikati ya meno. Vikiingia viwili tu, mdomo umebanwa.

Kioo. Weka alama ya kalamu kati ya meno mawili ya mbele ya juu na nyingine chini, fungua taratibu utazame njia. Taya likikunja upande mmoja kisha likarudi katikati, mara nyingi pamoja na mlio, kisahani kinatoka na kurudi. Likikunja na kubaki hukohuko, upande linakoelekea ndio uliokwama, iwe ni kisahani au msuli uliokaza.

Kisha kubonyeza, na hapa ndipo penye jibu. Wengi wanabonyeza kwa kubahatisha: wakigusa kidogo hawasikii kitu, wakikandamiza kwa dole gumba hata msuli mzima unauma. Chukua mizani ya duka au ya jikoni, ibonyeze kwa ncha za vidole viwili mpaka isome kilo 1. Rudia mara tano mpaka mkono uikariri nguvu hiyo. Sasa bonyeza panja kwa nguvu ileile, sehemu tatu: karibu na jicho, katikati, na juu ya sikio. Kaa sekunde 5 kila mahali. Fanya vivyo hivyo shavuni, kuanzia chini ya mfupa wa shavu hadi pembe ya taya. Kwenye kiungo chenyewe, mbele ya sikio, tumia nusu kilo tu.

Swali la kujiuliza si "panauma?" bali "ni hiki kichwa changu?" Ukibonyeza panja, au ukifungua mdomo mpaka mwisho na kulipeleka taya kushoto na kulia, kikarudi kichwa kilekile unachokijua, mahali palepale, taya linahusika. Madaktari wa maumivu ya taya nao huanzia kwenye swali hilohilo. Maumivu mageni ambayo hujawahi kuyasikia yanahesabika kidogo sana.

Mwisho, kijiti. Chukua kijiti cha aiskrimu au kitambaa kilichokunjwa nene, kiume kwa magego ya upande mmoja. Ukiuma kushoto, kiungo cha kushoto kinapunguziwa mzigo na cha kulia kinabebeshwa. Maumivu yakija upande uleule unaouma, ni msuli au jino. Yakija upande wa pili, ni kiungo. Yakichoma kama sindano pale unapoachia, shuku jino lenye ufa.

Dalili moja moja

*Unaamka na kichwa, panja zote mbili, kinapungua kufikia saa tatu au saa nne asubuhi.* Mashavu mazito, meno kama yamelegea, pembeni mwa ulimi pana alama za meno. Hiki ni kusaga au kubana meno usingizini. Muulize unayelala naye kama anasikia mkwaruzo, ila kumbuka kubana hakuna sauti. Minyoo haihusiki, dawa ya minyoo meza kwa sababu zake nyingine. Vinavyoongeza kusaga ni pombe ya jioni, sigara, kahawa ya usiku, mirungi, na baadhi ya dawa za sonona. Lakini kichwa cha asubuhi kina wagombea wengine: anayekoroma na kukatika pumzi, presha isiyotibiwa, na jiko la mkaa. Kama watu wawili wa nyumba moja wanaamka na kichwa pamoja, acheni habari za taya. Toeni jiko nje na mfungue madirisha usiku huohuo. Ile hewa ya mkaa inaua.

*Kichwa cha alasiri kinachobana kama mkanda.* Asubuhi ulikuwa mzima. Huku ni kubana meno ukiwa macho, na wanaobana hawajui kwamba wanabana. Angalia kazi. Kuli wa soko la Mwaloni anabana pumzi na meno pamoja kila anapoinua gunia. Dereva wa bodaboda anabana kwenye kila jiwe la barabara za milimani, na mkanda wa helmeti uliokazwa kupita kiasi unasukuma kidevu nyuma. Kidole kimoja lazima kipite kati ya mkanda na ngozi. Anayekwenda visiwani kwa boti ya injini wakati wa mawimbi anauma meno kila boti inapodunda. Fundi cherehani, mshona viatu na mwenye simu muda wote wanainamisha shingo, na shingo ikienda mbele taya linavutwa nyuma.

*Kichwa cha upande mmoja kinachodunda, kichefuchefu, unataka giza na kimya, ukitembea kinazidi.* Kinakaa saa 4 hadi siku 3 usipokitibu. Hicho ni kipandauso, na kinatibiwa kama kipandauso hata kama taya nalo linauma. Jambo linalopotosha: kupiga miayo na shingo kukaza vinaweza kuanza saa nyingi kabla ya maumivu, kama utangulizi wa shambulio. Mtu anasema "nilipiga miayo taya likashtuka, kichwa kikaanza", kumbe shambulio lilikuwa limeshaanza njia. Chunguza siku za katikati, zile ambazo hauko ndani ya shambulio. Panja na shavu vikiuma kwa kipimo cha kilo 1 hata siku hizo, una vyote viwili, na ukitibu kimoja tu utapata nafuu nusu.

Wavuvi wa dagaa wana mtego wao. Siku za giza wanakesha na taa ziwani, mbalamwezi ikija wanalala usiku kama watu wengine. Saa za usingizi zinapinduliwa kila mwezi, na kipandauso hakipendi usingizi unaohamahama. Ukiandika tarehe za kichwa sambamba na mwandamo wa mwezi kwa miezi miwili utaona kama ndilo tatizo lako.

*Panja linauma ukitafuna.* Ni msuli mpaka uone vinginevyo, isipokuwa kwa wazee tuliokwisha kuwataja. Tazama ulichokula: miwa ya kumenya kwa meno, mahindi ya kuchoma, bigijii ya kutwa nzima, matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) yaliyokauka mpaka yanavutika kama kamba. Kwa waliosuka: kichwa kilichoanza siku ya saluni, panjani na kwenye paji, na kikaachia ulipofumua, ni nywele zilizovutwa. Hakuna haja ya kumlaumu msusi kwa kila kitu, lakini nywele za kingo zilegezwe.

*Sikio linauma, daktari ameangalia ndani ni safi.* Kiungo cha taya kiko ukuta mmoja na sikio. Kama maumivu yanabadilika ukitafuna au kupiga miayo, na hakuna usaha wala homa, hamia kwenye taya. Kuweka vitunguu saumu au mafuta sikioni hakutafika kwenye kiungo.

*Meno ya juu yanauma, huwezi kusema lipi hasa.* Kabla ya kung'oa chochote fanya mambo mawili. Gonga kila jino kwa mpini wa kijiko, kisha sukutua maji ya barafu. Jino bovu hujitaja: linaruka ukiligonga, au baridi inabaki ikiuma nusu dakika na zaidi. Kama hakuna linalojitaja, ila ukibonyeza panja meno yanaanza kuuma, usikubali koleo. Kama maumivu yako chini ya macho, pua imeziba na kuinama kunazidisha, angalia pia mafua ya kwenye matundu ya uso, ingawa vingi vinavyoitwa hivyo ni kipandauso.

*Taya linalia, haliumi.* Liache. Taya za watu wengi zinalia maisha yao yote. Kulichezea ili lilie ndiko kunakolichosha.

*Lilikuwa linalia, mlio umekoma, na sasa mdomo haupiti vidole viwili.* Kisahani kimekwama mbele na hakirudi. Usijipanue kwa kijiti wala kwa mkono. Huyu amwone daktari wa kinywa na meno ndani ya wiki hiyo. Mapema kuna uwezekano mkubwa wa kurudishiwa.

*Mdomo umebaki wazi baada ya miayo au kicheko.* Taya limeteguka. Ni safari ya hospitali sasa hivi, maana kila saa inayopita misuli inazidi kukaza. Asiruhusiwe mtu kulipiga kofi. Kurudisha kunafanywa kwa madole gumba ndani ya mdomo, kusukuma chini kwanza na kisha nyuma, na mwenye kufanya awe amefunga vidole kwa kitambaa kinene: taya likirudi, meno yanafunga kwa nguvu.

*Linakwaruza kama mchanga, umri umeenda.* Gegedu limelika. Inatulia yenyewe kwa wengi, kwa utaratibu uleule wa wiki sita hapa chini.

*Kichwa kila siku, na dawa kila siku.* Hesabu siku ulizomeza dawa mwezi uliopita. Parasetamoli au ibuprofeni siku 15 au zaidi kwa mwezi, au vidonge vya mchanganyiko vyenye kafeini, au dawa za kipandauso za jamii ya triptani siku 10 au zaidi, kwa zaidi ya miezi mitatu, zinatosha zenyewe kukuletea kichwa. Wauza maduka wanajua wateja hawa kwa majina. Hakuna kinga ya meno wala mazoezi yatakayofanya kazi mpaka dawa hizo zipunguzwe, na siku 2 hadi 10 za mwanzo kichwa huwa kibaya zaidi kabla ya kulegea. Panga na daktari, hasa kama unameza zenye kodeini.

Wiki sita za kurekebisha

Kila kilichomo humu kinaweza kuachwa kesho bila kuacha kovu. Ndiyo sababu kinatangulia.

Kwanza mahali pa taya kupumzika. Sema "nne", lakini usimalize: baki kwenye "n" ya kwanza. Ncha ya ulimi imegusa nyuma kidogo ya meno ya juu, meno hayagusani. Sasa funga midomo bila kubadilisha kitu ndani. Hapo ndipo taya linapotakiwa kukaa mchana kutwa. Meno yanagusana wakati wa kumeza na kutafuna tu. Ugumu uko kwenye kukumbuka. Wiki ya kwanza jikague kila nusu saa kwa kitu kinachojirudia chenyewe: konda anapogonga bati la daladala, mteja anapolipa, simu inapolia. Kibandiko kidogo chekundu kwenye tangi la pikipiki kinatosha. Ukijikuta umebana, usijigombeze. Shusha mabega, toa pumzi, rudi kwenye "nne". Hatua hii haina gharama, na ndiyo inayofanya kazi kubwa kuliko zote kwa wanaobana mchana.

Chakula kwa wiki mbili za mwanzo kiwe laini, lakini kiwe chakula. Ugali na mchuzi wa sato, wali, ndizi za kupika, maharage yaliyoiva, mlenda. Michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa vibichi, ichemshwe mpaka ilegee. Tunda likatwe kwa kisu. Hakuna miwa, mahindi ya kuchoma, karanga, bigijii wala kufungua soda kwa meno. Tafuna pande zote mbili. Ukipiga miayo, weka ngumi chini ya kidevu uizuie isipite vidole viwili.

Joto: taulo iliyochovywa maji ya moto na kukamuliwa, dakika 15 hadi 20, asubuhi na usiku, shavuni na panjani pamoja. Kama kiungo kimevimba au maumivu ni mapya ya siku mbili tatu, tumia barafu dakika 10. Barafu ya kuhifadhia samaki inafaa kabisa, ila iwe ndani ya mfuko na kitambaa juu yake, isiguse ngozi. Baada ya joto, kanda shavu na panja kwa mizunguko midogo dakika moja kila upande.

Mazoezi: ulimi umegusa paa la kinywa, fungua mdomo taratibu mpaka ulimi unapotaka kuachia, funga. Mara 6, kwa vipindi 6 kwa siku. Taya likikunja, simama mbele ya kioo na ulipeleke wima hata kama halifiki mbali. Zoezi likiacha maumivu yanayozidi nusu saa, umelipita kipimo; punguza upana. Tusiongeze idadi kwa pupa, misuli hii imechoka tayari.

Dawa: ibuprofeni miligramu 400 mara tatu kwa siku baada ya chakula, siku 5 hadi 7 mfululizo kisha acha, ina maana zaidi kuliko kimoja leo na kimoja keshokutwa. Isitumiwe na mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au wa moyo, mjamzito, wala mwenye pumu inayochochewa na aspirini. Anayemeza dawa za presha aulize kwanza. Mbadala ni parasetamoli gramu 1, isizidi gramu 4 kwa saa 24. Kwa kipandauso, meza mapema shambulio linapoanza, usingoje liive, na usizidi siku mbili kwa wiki. Mashambulizi yakiwa manne au zaidi kwa mwezi, omba dawa ya kuzuia, kama amitriptilini kidogo usiku au propranololi, ambayo mwenye pumu hapewi.

Usingizi: lala chali au ubavu, mkono usiwe chini ya taya, mto ujaze nafasi ya bega. Kulala kifudifudi kunapinda shingo na kulisukuma taya usiku mzima. Anayetoka ziwani asubuhi alale chumba chenye giza, saa zilezile, na mchana avae kofia ya ukingo mpana, kwa sababu kukunja uso kwa mng'ao wa maji kunakwenda pamoja na kubana meno.

Andika. Daftari lenye safu tano linatosha: tarehe, saa kichwa kilipoanza, upande, dawa uliyomeza, na kipimo cha rula cha asubuhi. Wiki ya sita linganisha na ya kwanza. Siku za kichwa zikipungua nusu, endelea. Zisipopungua, tatizo si uvivu wako. Hapo unahitaji mkono wa mtaalamu.

Ukifika kwa daktari wa meno

Kwa anayesaga usiku atashauri kinga ya kulalia nayo. Inayofaa ni ya akriliki ngumu, iliyotengenezwa kwa vipimo vya mdomo wako, inayofunika meno yote ya taya moja. Haiponyi kusaga, inapunguza mzigo kwenye kiungo na kulinda meno. Inayofunika meno machache ya mbele tu ikivaliwa muda mrefu inahamisha meno. Ile laini ya kuchemsha na kuuma, inayouzwa kwa wanamichezo, huwafanya baadhi ya watu watafune zaidi. Kinga mpya inarekebishwa baada ya wiki moja au mbili. Ikiwa asubuhi maumivu yameongezeka, au meno hayakutani kama zamani saa nzima baada ya kuivua, irudishe. Ioshe kwa maji ya kawaida, maji ya moto yanaipinda.

Eksirei ya taya zima inaonyesha mifupa na meno, haionyeshi kisahani. Picha safi isikufanye uambiwe huna kitu. Kusagwa meno mazima ili "yakutane vizuri", kuvishwa nyaya kwa ajili ya kichwa, au upasuaji wa kiungo kabla ya kujaribu njia nyepesi, vyote havirudi nyuma. Vikipendekezwa siku ya kwanza, chukua daftari lako uende hospitali ya Sekou Toure au Bugando kupata maoni ya pili.

Siku ya miadi, kama unaweza kuvumilia, usimeze dawa ya kutuliza asubuhi. Daktari atakubonyeza panja na kukuuliza kama ni kile kichwa chako, na ukiwa umemeza dawa utamjibu hapana.